Ukurasa wa Thelathini na Moja

9 Januari

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo, na hizo chupa zako za damu nazo hazijambo. Mimi mzima. Paa limeanza kuvuja juu ya kitanda, kwa hiyo nimehamisha kitanda. Ni rahisi kuliko kumshawishi mwenye nyumba apande ngazi. Jirani yangu fundi viatu amepata mjukuu wa tano na ameacha kulala, anagonga visigino tangu alfajiri. Yule unayeishi naye nyumba moja, aliyenitangulia kuzaliwa, mpe salamu zangu kama bado anapokea salamu. Kama hapokei, ziweke juu ya kabati. Atazikuta siku akipangusa vumbi.

Sasa jambo lenyewe. Kiwanda chetu cha uchapaji kimeletewa kijitabu cha afya, kurasa arobaini na nane, kinaitwa Mwili Unavyojilinda. Kimeandikwa na kamati ya wataalamu saba. Kwa kawaida mtu mmoja anatosha kuandika kitu kisichoeleweka, lakini hawa waliamua kusaidiana. Unajua kazi yangu: mwaka wa thelathini na mbili huu nasahihisha prufu, zile chapa za majaribio, katika kile chumba cha nyuma ya mashine, kwenye kiti kinacholia, na karatasi haijawahi kunishinda. Hii imenishinda. Ukurasa wa tano unasema, "Antijeni huchochea mwitikio wa kingamwili mahususi kupitia limfosaiti." Tahajia nimeihakiki, iko sawa. Maana imenipita kama harufu ya chakula cha jirani.

Tena kila wanapokwama wanamleta askari. Ukurasa wa sita askari, wa saba askari, wa nane askari na ngome yake. Kufika ukurasa wa ishirini nilikuwa nasoma nimesimama wima. Nieleze hayo maneno bila askari hata mmoja, kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hakubahatika kuwa kwenye kamati.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema haraka kama mnadi, nabaki na neno moja kati ya matano. Andika. Na mwandiko wangu ukiuona umelala chali, lawama ni ya kalamu.

Mjomba wako

Nimesahau: ukurasa wa 31 una kichwa kikubwa, "Mwili Unapojishambulia", chini yake mistari minne, halafu picha ya karoti. Nazijua kamati. Panapouma wanapita mbio. Nifafanulie na hapo.


27 Januari

Shikamoo mjomba,

Mimi sijambo, kazi ndiyo ina jambo. Hadubini yetu ina jicho moja zima na jingine lina ukungu, kwa hiyo magonjwa ya upande wa kushoto yanatoroka. Wiki iliyopita mzee mmoja alipewa majibu yameandikwa "chanya". Akafurahi, akashukuru, akatushika mikono sote mpaka mfagiaji. Ikabidi nimfuate mlangoni nimweleze kwamba hospitalini chanya maana yake tumekipata tulichokuwa tunakitafuta, na tulichokuwa tunakitafuta kwake hakikuwa zawadi.

Mama yupo. Ameniagiza nisiandike kwamba anakusalimu, kwa hiyo siandiki. Siku hizi ameacha kufuma, anasoma sana.

Haya, bila askari. Kinga ni uwezo wa mwili kutambua kisicho chake na kukiondoa. Shika neno "kutambua", hilo ndilo lenye kazi. Kila kitu kinachoingia mwilini, kirusi, bakteria, vumbi la maua, hata damu ya mtu mwingine, kina alama juu yake. Alama ambayo mwili unaisoma na kusema "hii si yangu" ndiyo antijeni. Wasomaji wa alama hizo ni chembe nyeupe za damu. Ziko aina nyingi. Limfosaiti ni aina moja, ndogo, mviringo, ukiitazama kwenye hadubini ni kama yai limejaa kiini tupu. Nyingine kazi yake ni kula. Hazina maelezo mengi, zinakula.

Limfosaiti zikishaisoma alama, baadhi yake hutengeneza kingamwili, protini ndogo mno yenye umbo la panda ya manati. Kila kingamwili huingia kwenye alama moja tu, kama ufunguo wa kitasa kimoja. Ikijibandika pale, kirusi hakiwezi tena kuingia ndani ya chembe zako, na zile zinazokula zinajua pa kuanzia.

Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua wiki moja au mbili, na ndizo hizo unazolala kitandani unanuna. Ugonjwa ukiisha, mwili unahifadhi kumbukumbu. Ukirudi ule ule, unajibiwa haraka, pengine usijue kama ulikuja. Chanjo ni kuuonyesha mwili alama bila kuupa ugonjwa wenyewe. Mzio ni mwili kulifanyia jambo dogo makelele makubwa, kama wewe ukiona mkato umewekwa pasipo pake.

Ukurasa wa 31 nipe muda. Si mgumu. Nipe muda tu.

Mpwa wako


20 Februari

Daktari wa Chupa,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na makosa mawili ya mkato na moja la adabu, lakini nimeelewa kila neno, jambo ambalo watu saba walishindwa. Maelezo yako ya alama nimeyaingiza ukurasa wa tano. Msimamizi wetu aliyasoma, akauliza mbona kijitabu kimeanza kueleweka ghafla, akaonekana kuogopa.

Umenijulisha kwamba mama yako hanisalimu. Nimepokea kutosalimiwa huko kwa mikono miwili. Mwaka wa nne sasa. Wenzetu hugombania mashamba, sisi tuligombania karatasi. Ulikuwepo: siku ya kumzika bibi yako, dada yangu amesimama na wasifu wa marehemu aliouandika mwenyewe, anasoma, anakwama, anaigeuza karatasi. Nikaichukua mkononi mwake, nikasema mbele ya waombolezaji kwamba kuku akichakura anaandika vizuri kuliko hivi. Nikausoma mimi hadi mwisho, nikisahihisha makosa saba kwa sauti. Kazi ni kazi. Mpaka leo sioni kosa langu mimi liko mstari wa ngapi.

Huku hatujambo, ila kalenda tuliyochapa imetoka na Jumatano mbili katika wiki moja ya Mei. Ilipita mezani kwangu. Msimamizi alinitazama tu kama mtu anavyoitazama saa ya ukutani iliyosimama.

Sasa kuna msomaji mmoja wa kijitabu ana maswali, na mimi ni mjumbe tu. Anauliza kwa nini kifundo cha kidole kivimbe na kupata moto wakati hakikugongwa na kitu. Anauliza kwa nini iwe mikono yote miwili, vidole vile vile, kama mapacha waliovaa sare. Anauliza kwa nini asubuhi vidole vigome kukunja, chai ipoe mezani, mpaka ifike saa nne ndipo vikubali kufanya kazi, kama watumishi wa ofisi fulani. Watu wanaiita baridi yabisi. Anauliza baridi iko wapi, mbona panawaka?

Kijitabu hakisemi. Nakungoja wewe.

Mjomba wako


6 Machi

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limepasuka, fundi amekuja mara tatu na kila mara anasikitika vizuri zaidi. Nampa pole msomaji wako. Tafadhali muulize kama anavaa miwani, kama paa lake linavuja na kama kiti chake kinalia.

Majibu yake haya hapa. Mwili ukitaka kutengeneza mahali, unafungua mishipa ya damu ya hapo. Damu inajaa, maji yanapenya, chembe nyeupe zinaingia. Ndiyo maana panakuwa pekundu, pana joto, panavimba, panauma. Ukijikata kisu ni jambo jema, ndiyo matengenezo yenyewe. Ubaya ni matengenezo kuanza pasipoharibika kitu.

Hapo ndipo tumefika ukurasa wa 31. Nilikuambia neno kubwa ni kutambua. Mara nyingine mwili unakosea kusoma: unaiona alama yake mwenyewe na kusema ni ya mgeni. Katika ugonjwa wa msomaji wako unaosomwa vibaya ni utando laini uliofunika viungo kwa ndani. Chembe nyeupe zinakwenda pale, zinakuta hakuna mgeni, zinaendelea kumtafuta. Hazimalizi, kwa sababu anayetafutwa ndiye mwenye nyumba. Ugonjwa wa namna hiyo huitwa sugu. Sugu si ukali. Ni kwamba hauagi.

Mikono yote miwili, kwa sababu kosa haliko kwenye mkono, liko kwenye usomaji, na damu inafika kote. Baridi yabisi ni jina la zamani. Baridi ililaumiwa bure. Asubuhi ni mbaya kwa sababu viungo vimelala bila kujongea na maji yamejaa ndani.

Sasa nisikilize, kejeli nimeziweka chini. Utando ule ukiachwa unanenepa, unakula gegedu, kile kilaini cha kwenye ncha za mifupa, kisha unaula mfupa wenyewe. Kikishaliwa hakirudi. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye bei. Kuna kipimo cha damu, tunakifanya hapa kila Alhamisi, tunatafuta kingamwili zinazojigeukia. Kipimo peke yake hakitoshi, daktari lazima aishike mikono. Mwambie msomaji wako aende wiki hii.

Kwa sasa chupa afungue kwa kiganja, si kwa vidole. Shati la vifungo vidogo alipumzishe. Mswaki aufunge kitambaa kwenye mpini ili uwe mnene, utashikika. Nguo asikamue.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae barua kupigwa mashine. Nimekopeshwa ya ofisini, na ninaichapa kwa kidole kimoja ambacho bado tunasikilizana nacho. Nimechelewa kwa sababu ya posta. Posta ikikataa kulaumiwa, tutatafuta mwingine.

Fundi viatu anakusalimu. Paa limezibwa, sasa linavuja upande mwingine, nimekirudisha kitanda.

Habari njema: msomaji wetu amepona. Sawa, ni mimi; usijisifu, hata kipofu angeona. Hospitali sikwenda. Kuna foleni pale ambayo watu wanaingia wagonjwa wanatoka wazee. Nilikwenda duka la dawa la kona, kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe alilojinunulia mwenyewe. Hakunitoa damu, hakuniuliza historia ya ukoo. Alinitazama vidole, akanipa vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina. Siku ya tatu nilifunga kamba za viatu. Siku ya tano nilimshika msimamizi mkono akasema aa. Wewe na hadubini yako ya jicho moja mlikuwa mnanitayarishia kaburi.

Tena nimenawiri. Mashavu yamejaa mpaka fundi viatu ananiuliza nimeolewa wapi. Nakula kama nimekodishwa. Kitu kimoja tu: mwezi jana bwana dawa alifunga duka siku nne, vidonge vikaniishia, nikashindwa kuinuka kitandani. Kizunguzungu, kutapika, miguu kama si yangu. Alipofungua nikanunua vingine, jioni nilikuwa mzima. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni dawa kweli.

Swali dogo la msahihishaji. Uliandika mswaki ufungwe kitambaa. Hilo halimo kwenye kijitabu wala kitabu chochote nilichowahi kukipitisha mezani. Mnaosha meno ya chupa huko maabara? Sijauliza kitu. Nimeweka alama pembeni tu.

Mjomba wako


10 Mei

Shikamoo mjomba,

Salamu nyingine baadaye.

Vidonge hivyo karibu nina hakika ni steroidi. Mwili una tezi mbili juu ya figo zinazotengeneza kitu cha jamii hiyo hiyo kila siku, na bila hicho mtu hainuki kitandani. Ukimeza kwa wingi kutoka nje, tezi zinaona kazi imefanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla, za ndani zimelala na za nje hakuna. Kile kizunguzungu cha siku nne hakikuwa ushahidi wa dawa. Ulikuwa karibu kufa, mjomba, na ulikwenda dukani kushukuru.

Usiache leo wala kesho. Usipunguze mwenyewe. Nenda hospitali na ile bahasha, uwaambie umekunywa vingapi na tangu lini. Watapunguza wao, kidogo kidogo. Mashavu yaliyojaa si afya, ni hizo dawa. Zinazima moto na kuacha kinachounguza, zinapandisha sukari, zinalegeza mifupa, na ukipata maambukizi zinaficha homa usijue.

Umeuliza kuhusu mswaki. Niliapishwa nisiseme, na sasa nasema.

Kitambaa kile kiko bafuni kwetu. Ni cha mama. Ana ugonjwa huu huu. Aliwahi kunywa vidonge vya bahasha kama vyako, kisha akaamua amepona, akaacha siku moja. Nilimkuta sakafuni mlango umefungwa kwa ndani. Dirisha nililivunja kwa kisigino cha kiatu. Vidole vya mkono wake wa kulia vimeinama upande kama nyasi. Anatibiwa, ametulia, lakini vilivyoinama vimeinama. Haurithiwi kama pua, mjomba. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuupata, na katika ukoo mmoja unaweza kuwapata wawili wakati ishirini wengine wamepita salama.

Na ugonjwa wake ulianza lini? Ulianza mwaka ule wa msiba wa bibi, miezi mitano kabla. Hakumwambia mtu. Ule mwandiko uliowaonyesha watu haukuwa uzembe. Vilikuwa vidole.

Mama hajui kama nimekuandikia.

Mpwa wako


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta kosa, sikuliona, na hilo limeniuma kuliko viungo.

Nilikwenda. Benchi lao limetengenezwa na mtu asiye na makalio. Namba yangu ilikuwa sitini na moja. Daktari ni mwanamke ambaye soksi zangu zimemzidi umri, nikajiandaa kumdharau. Akanyoosha vidole vyake viwili, akasema, "Vibane." Nikabana. Akangoja, akasema tena, "Mzee, bana." Nikamwambia nimeshabana.

Hakunicheka. Alivigusa vifundo kimoja kimoja akiandika. Damu wakachukua, baada ya siku nane majibu yakaja chanya. Sikumshukuru mtu.

Ameniwekea ratiba ya kupunguza vidonge vya bahasha, wiki kwa wiki, kipande kwa kipande. Ameongeza dawa nyingine ya kunywa siku moja tu katika wiki. Alinirudisha mlangoni mara mbili nirudie maneno "si kila siku". Inapunguza makali ya kinga, ndiyo maana nimechomwa chanjo kwanza, na damu itapimwa kila mwezi kuona kama ini linavumilia. Itachukua wiki nyingi kabla sijaona kitu. Nilimuuliza kama kidole changu cha kati kitanyooka. Alisema hapana. Sikutarajia kuambiwa ukweli kwa neno moja, kwa kuwa sisi huko kiwandani tunatumia matatu.

Kijitabu kimekwenda mitamboni. Karoti nimeitoa. Ukurasa wa 31 sasa umejaa maneno yako, na kamati imeyasifu kama yake. Msimamizi amenipa mtu wa kuweka alama. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anaandika. Anaandika vibaya. Sijamwambia.

Mama yako nimemwanzia barua mara tatu. Zote zina tahajia safi na hazisemi kitu.

Mjomba wako


14 Juni

Shikamoo mjomba,

Nashukuru umekwenda. Sitasema nilikuambia. Nimeandika tu ili ujue kwamba sijasema.

Hapa bomba limepona, fundi bado anakuja, nafikiri amezoea.

Nimemwambia mama kila kitu, na kwamba kiapo nimekivunja. Nilitegemea dhoruba. Aliendelea kukunja nguo, zile shuka kubwa anazozikunja kwa kidevu na viwiko. Baadaye sana, nimeshakata tamaa, akauliza kama unakunywa dawa kwa tumbo tupu. Nikasema sijui. Akasema, "Mwandikie ale kwanza. Hana akili ya kujua hilo." Halafu akaniagiza nisiandike kwamba ameuliza, kwa hiyo siandiki.

Tarehe 2 Julai nakwenda kwenye mafunzo ya wiki tatu, mji mwingine. Hatimaye tunaletewa hadubini yenye macho mawili, na wameona tufundishwe kutumia la pili. Mama atabaki peke yake. Jirani atamsaidia maji. Kliniki yake ni Jumanne ya tarehe 8, huwa namsindikiza mimi. Safari hii atakwenda mwenyewe, anasema anaweza, na anaweza, ila ngazi za pale ni ndefu na hazina pa kushika.

Sikuombi kitu. Nakupa ratiba tu.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini mafunzo yanakwenda vizuri na jicho la pili linaona. Mimi naandika kwenye meza yako ya jikoni, kwa mkono, kwa kalamu nene niliyoikuta kwenye droo yako. Mwandiko mbovu, vumilia. Sasa nguvu za kalamu ninazo kwa dakika kumi, kisha napumzika, kisha kumi nyingine.

Nilifika Jumapili mchana. Niligonga kwa kiwiko, maana vifundo haviko tayari kwa milango ya watu. Upande wa pili nikasikia komeo linahangaika, linahangaika, mpaka nikataka kuondoka kwa aibu. Mlango ulipofunguka alinitazama juu mpaka chini, halafu akasema, "Nani anagonga kama mbuzi?" Nikamwambia vidole haviwezi. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kama anavyogeuza kitu sokoni, kisha akaweka wake pembeni. Wake umeinama zaidi. Akasema umri una faida zake.

Aliniwekea chakula, akanikatalia kunywa dawa mpaka nimalize sahani. Nilikaa pale mtu mzima wa miaka hamsini na tisa nasimamiwa kula. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani kwenye basi, aya tatu, mpangilio mzuri. Nilipofungua mdomo yakatoka machache.

"Dada, siku ile ya msiba nilikosea."

"Makosa mangapi?"

"Moja. Lilifunika karatasi yote."

Alikusanya makombo ya mezani kwa ukingo wa kiganja, taratibu, akayasogeza mpaka mwisho wa meza. Ndipo akasema, "Ule wasifu niliuandika siku tatu. Ukurasa mmoja, siku tatu." Mimi niliyeishi kwa kuongeza na kupunguza maneno ya watu, sikuwa na la kuongeza wala la kupunguza. Nililia kidogo, na nakuomba hilo usilizungumze huko kwenye mafunzo.

Jana tulikwenda kliniki. Ngazi ni kama ulivyosema. Yeye alinishika bega, mimi nikaegemea ukuta, tukapanda kama vitu vya kuhamishwa. Muuguzi aliuliza nani kati yetu ni mgonjwa na nani amesindikiza. Mama yako akamwambia asubiri, tunashauriana. Damu yake iko vizuri, viungo vimetulia, dawa haijabadilishwa. Amemwambia daktari kwamba mdogo wake naye anaumwa, akamwonyesha vidole vyangu bila kuniuliza, na daktari akasema nikivumilia miezi michache mikono yangu ina nafasi nzuri kuliko yake, kwa kuwa nimewahi. Niliona vibaya kusema nashukuru mbele yake. Akanipiga kiwiko, akasema nishukuru, sikufundishwa adabu?

Asubuhi ya leo nilikunja vitu vyangu niwahi basi la saa tatu. Akanikuta nahangaika na zipu ya mfuko. Aliniangalia, akaniuliza nilikuja na nguo ngapi. Nikasema pea mbili. Akasema hazitoshi, akaenda kuanika zile zangu alizokuwa ameziloweka kwenye beseni.

Mjomba wako, ambaye basi lake limeondoka